Sura ya Nne: Nani Anamjua Mnunuzi Wako?

Swali huja kwa maneno tofauti, lakini ni lile lile. Mama anayetengeneza sabuni ya mwani nyuma ya nyumba yake Jambiani huuliza: "Mwanangu, hii Ulaya inafikaje?" Kijana mwenye mafuta ya nazi anataka kujua kama afungue kwanza akaunti ya dola. Kikundi cha wanawake wanaokausha mdalasini na iliki kinauliza wapi anapatikana mnunuzi wa nje, na akipatikana aambiwe nini.

Majibu wanayopewa huanza na karatasi: jisajilini, tafuteni leseni, pelekeni sampuli ikapimwe. Karatasi zina mahali pake. Lakini kabla yake kuna uamuzi mmoja ambao wengi huupita bila kuuona: utaliingia soko hilo kwa njia gani? Utamuuzia mfanyabiashara wa mjini apeleke yeye? Utapeleka mwenyewe? Utaweka mtu huko huko? Au utamngoja mgeni akufuate ulipo? Huku ndiko kuchagua njia ya kuingia sokoni, yaani kukubaliana nani anauza nini kwa nani, nani anabeba hasara mzigo ukiharibika, na nani anazungumza na mtu atakayeitumia bidhaa.

Hilo la mwisho ndilo nitakalolishikilia katika sura hii. Kwa kadiri nilivyoiangalia biashara ya visiwa vyetu, ya leo na ya zamani, anayemjua mnunuzi wa mwisho ndiye mwenye kauli juu ya bei. Wengine wote hupangiwa. Na ushahidi wa hayo hauko mbali.

## Soko la nje lilipofika pwani

Ufike Jambiani siku za bamvua, maji yakishatoka, utaiona mistari ya vigingi na kamba ikienda mbali hadi karibu na mwamba. Kilimo cha mwani cha kibiashara Unguja kilianza mwaka 1989, huku huku Paje na Jambiani. Msingi wake wa kitaalamu ulitokana kwa sehemu kubwa na tafiti za Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akiuchunguza mwani wa pwani hii. Mbegu ililetwa kutoka Ufilipino, ya aina mbili ambazo wakulima bado wanaziita kwa majina ya kibiashara, spinosum na cottonii.

Ndani ya mwani huo mna karagenani, ute unaofanya vitu vishikane na kuwa vizito. Viwanda huutia katika dawa ya meno, aiskrimu, maziwa ya chokoleti na nyama za kopo. Hakuna nyumba ya Jambiani iliyokuwa ikiuhitaji ute huo. Kwa hiyo soko la mwani lilikuwa nje ya nchi tangu siku ya kwanza, na wanawake wa kijiji waliingia katika biashara ya kimataifa kabla mtu yeyote hajawauliza wangependa kuingia kwa njia ipi.

Njia waliyowekwa ilikuwa hivi. Kampuni zilizokuwa na ofisi mjini zilileta mbegu, kamba na taitai, ile mishipi midogo ya kufungia mwani kwenye kamba. Mwanamke alitoa nguvu zake, muda wake na elimu yake ya maji. Baada ya wiki sita hivi alivuna, akaanika, akajaza polo na kulipeleka kupimwa kwenye kituo cha kampuni ile ile iliyompa kamba. Kampuni ikakusanya, ikashindilia marobota, ikapakia kontena katika bandari ya Malindi, na mzigo ukaenda kwenye viwanda vya Denmark, Ufaransa, Marekani na kwingineko.

Tuwe waadilifu hapa. Njia hii ilimfaa mtu asiye na kitu mkononi. Mkulima hakuhitaji mtaji, hakuhitaji kujua forodha, hakungoja miezi mitatu meli ifike ndipo alipwe. Fedha iliingia moja kwa moja mikononi mwa wanawake, na Jambiani na Paje zipo nyumba zilizojengwa na watoto waliosomeshwa skuli kwa mwani. Leo Zanzibar ina wakulima wa mwani zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake. Anayesema njia hii ilikuwa unyonyaji mtupu hakukaa nao akawasikiliza.

Lakini tazama nani alijua nini. Mkulima aliujua mwezi, upepo, na namna mwani unavyopauka ukiugua. Hakukijua kiwanda. Hakuijua bei ya FOB, yaani bei ya mzigo ukiwa umeshapakiwa melini bila nauli ya bahari, ambayo ndiyo kampuni ilikuwa ikilipwa. Wala hakujua kwamba Ufilipino na Indonesia, zinazovuna mwani mwingi kuliko sisi mara nyingi mno, ndizo zinazoamua bei ya dunia. Akiambiwa kituoni kuwa bei imeshuka, hakuwa na la kujibu. Kwa miaka mingi kilo ya spinosum mkavu imenunuliwa kwa mamia ya shilingi, na ili upate kilo moja kavu unahitaji kilo saba au zaidi za mbichi, zilizobebwa kichwani kutoka majini.

Kisha likaja la cottonii. Hiyo ndiyo aina iliyokuwa na bei nzuri zaidi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, ikaanza kufa msimu baada ya msimu, na katika maeneo mengi ya Unguja ikashindikana kabisa. Hapo ndipo mgawanyo wa hasara ulipoonekana wazi. Kampuni ilibeba hasara ya soko, mkulima akabeba hasara ya bahari. Kampuni iliweza kununua kwingine. Mwanamke wa Jambiani hakuwa na bahari nyingine.

Wapo walioacha. Wapo waliobaki na spinosum. Na wapo walioanza kuuliza swali jipya. Mwaka 2006 ulianzishwa mradi wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani, ukisimamiwa na Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, na wanawake wakafundishwa kuusaga mwani kuwa unga na kuutia katika sabuni na mafuta ya ngozi. Serikali nayo baadaye ikaamua kujenga kiwanda cha kusarifu mwani Chamanangwe, Pemba. Watu husifu jambo hili kwa kuongeza thamani, na ni kweli linaongeza. Mimi naona jambo kubwa zaidi: robota la mwani mkavu humwendea mwenye kiwanda ambaye hutamjua kamwe, lakini kipande cha sabuni kina mtu anayekishika, anayekinusa na kukuambia anakipenda au hakipendi.

Kwa ufupi: Njia ya kwanza ya mwani iliondoa haja ya mtaji na ikaleta fedha haraka. Gharama yake ni kwamba mzalishaji hakumjua mnunuzi, hivyo hakuwa na sauti katika bei.

## Njia zilizopo

Vitabu vya biashara huzigawanya njia hizi kwa namna nyingi. Kwa mzalishaji mdogo au wa kati wa Unguja, zinazohusika ni hizi:

1. Kupitia msafirishaji wa ndani. Unamuuzia mfanyabiashara aliye hapa hapa nchini, yeye ndiye anayepeleka. Ndiyo njia ya mwani.
2. Moja kwa moja. Unampata mnunuzi wa nje, unakubaliana naye, unapeleka mwenyewe.
3. Kupitia wakala au msambazaji. Hawa wawili huchanganywa sana. Wakala hunadi bidhaa yako kwa kamisheni, na mali hubaki yako hadi iuzwe. Msambazaji huinunua, ikawa yake, akaiuza kwa bei anayopanga mwenyewe.
4. Kutengeneza kwa jina la mwingine. Duka la nje linakuagiza sabuni, unaitia katika karatasi yenye jina lao.
5. Ubia au kampuni yako huko nje. Unamiliki, peke yako au na mwenzako, chombo kinachouza nchini mwa mnunuzi.

Ya tano si ndoto ya matajiri pekee. Wakulima wa kakao wa ushirika wa Kuapa Kokoo nchini Ghana walipata hisa katika kampuni ya chokoleti iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1998, wakawa wanakaa kwenye vikao vinavyopanga bei ya chokoleti yenyewe. Lakini ushirika ule ulikuwa na maelfu ya wanachama na wafadhili nyuma yake. Kikundi cha wanawake kumi kisianzie hapo.

Ya nne inapendeza kwa sababu inaleta oda kubwa. Ukae macho nayo. Siku duka likipata anayetengeneza kwa bei rahisi zaidi, jina linabaki kwao, nawe unabaki na sufuria.

## Mgeni aliye mlangoni

Ipo njia nyingine ambayo haimo katika orodha ile, na kwa Jambiani ndiyo ninayoitetea kuliko zote kwa anayeanza. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Mjerumani anayenunua sabuni yako kwa fedha aliyoichuma kwao, akapanda nayo ndege, amefanya kazi ya usafirishaji bila wewe kujaza fomu hata moja. Kwa hesabu ya uchumi hayo ni mauzo ya nje. Kwa hesabu yako ni zaidi ya hapo, kwa sababu mnunuzi wa mwisho amesimama mbele yako.

Jambiani kuna mfano mzuri wa kazi hii. Shirika la Kiswisi la marinecultures.org, lililoanzishwa mwaka 2008, limewafundisha wanawake wa kijiji, baadhi yao waliotoka kwenye mwani, kulima sponji za baharini za kuogea. Sponji hukatwa vipande, hutungwa kwenye kamba zinazoelea majini, husafishwa mara kwa mara, na huchukua mwaka au zaidi kukua. Zikishavunwa na kukaushwa huuzwa kwa wageni na madukani hapa kisiwani. Ni nyepesi, haziozi, haziogopi joto la sanduku, na kipande kimoja kina bei ambayo polo la mwani halifikii.

Ukilinganisha na mwani utaona tofauti iko wapi. Bahari ni ile ile, na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni umbali kati ya mlimaji na mtumiaji. Mgeni anapouliza kama sponji imepakwa dawa, au kama kuivuna kunaharibu mwamba, mwanamke aliyeilima ndiye anayejibu. Anajifunza kwamba huyu mtu wa mbali anajali mambo ambayo kituo cha mwani hakikuwahi kumtajia.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta mnunuzi Berlin, uza kwa Wajerumani walioko Jambiani kwa msimu mzima, kutoka Juni hadi Machi. Andika kila kitu katika daftari. Waliuliza nini? Walirudisha nini? Harufu ipi iliisha kwanza, karafuu au mchaichai? Walisita kwa bei gani? Walitaka kuona nini kwenye karatasi ya nje? Kampuni kubwa hulipa fedha nyingi kupata majibu ya maswali haya. Njia hii ina kikomo chake, bila shaka. Masika mahoteli yanapofunga, mauzo hukauka. Na tuliiona mwaka 2020, ndege ziliposimama, pwani nzima ilivyokosa wa kumuuzia. Ndiyo maana haitoshi kuwa njia ya pekee.

## Sabuni inapofika Berlin

Tufanye hesabu, kwa takwimu za mfano tu ili uone mwendo wake. Tuseme kipande cha sabuni kinakugharimu shilingi 2,000 kukitengeneza, nawe unamuuzia msambazaji wa Ujerumani kwa 3,500. Nauli na kutoa mzigo forodhani kunaongeza 1,000. Sasa ni 4,500. Msambazaji anaongeza theluthi moja, inakuwa 6,000. Duka linazidisha mara mbili, jambo la kawaida katika biashara ya rejareja: 12,000. Juu yake Ujerumani hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19, na mteja analipa 14,280.

Wengi wakiiona hesabu hii hukasirika. Elfu tatu na mia tano huku, elfu kumi na nne kule! Lakini kabla ya kukasirika, uliza kila mmoja pale njiani amefanya nini. Duka limelipa kodi ya nyumba katika mji wenye gharama kubwa na mishahara ya wauzaji, na limebeba vipande visivyouzika. Msambazaji amekulipa kabla hajauza. Ukitaka kuchukua sehemu yake, itakubidi uifanye na kazi yake.

Na hesabu yenyewe ianzwe upande wa pili. Wazalishaji wetu wengi huanza na gharama, wanaongeza faida, kisha wanashangaa bidhaa haiuziki. Anza na rafu ya duka. Sabuni ya mkono yenye sifa kama yako inauzwa bei gani kule? Toa kodi, toa fungu la duka, toa la msambazaji, toa nauli. Kinachobaki ndicho utakacholipwa wewe. Kikiwa chini ya gharama yako, njia hiyo haikufai, hata mnunuzi awe mcheshi namna gani.

Sheria nazo huamua njia, na hapa watu wengi huumia. Tangu mwaka 2013 Umoja wa Ulaya unatumia kikamilifu kanuni inayotaka kila kipodozi, sabuni ya ngozi ikiwemo, kiwe na mtu au kampuni yenye makao ndani ya Umoja huo itakayobeba dhamana ya kisheria juu yake. Mtaalamu aliyehitimu aandike ripoti ya usalama wa bidhaa, na bidhaa isajiliwe katika mfumo wao kabla ya kuuzwa. Uingereza, baada ya kujitoa, inataka mwenye dhamana wake yenyewe, aliye Uingereza. Mama wa Jambiani anayetuma katoni kwa duka la Berlin bila mtu huyo anavunja sheria bila kujua, na mzigo unaweza kuzuiwa.

Sasa litazame tena lile fungu la msambazaji. Kama amekubali kuwa mwenye dhamana na kulipia ripoti ya usalama, fungu lake linaweza kuwa la haki kabisa. Kama hakukubali, anakuuzia huduma pungufu, na una sababu ya kuteta. Mweleze hivyo mnapokaa kwenye mazungumzo.

Kwa upande wa ushuru habari ni njema. Tanzania, Zanzibar ikiwemo, iko katika mpango wa Umoja wa Ulaya wa tangu mwaka 2001 unaoruhusu bidhaa za nchi maskini zaidi, isipokuwa silaha, kuingia bila ushuru wa forodha. Sharti ni kuthibitisha kuwa bidhaa imetoka hapa. Mzigo usiozidi euro 6,000 hauhitaji hata usajili wa pekee wa msafirishaji. Tamko la asili ya bidhaa kwenye ankara yako linatosha. Na kwa anayeelekea Mombasa, utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unahusu mizigo isiyozidi dola 2,000, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mimi ningependa vikundi vingi zaidi viijaribu Mombasa na Nairobi mwanzo. Lugha ni moja, na ukikosea unapanda chombo ukaenda kuzungumza ana kwa ana.

Kwa ufupi: Panga bei kuanzia rafuni kurudi nyuma. Kabla ya kumlalamikia msambazaji, jua sheria za nchi ile zinadai nini, na nani atakayezitimiza.

## Somo la karafuu na la meli ya Sultana

Hakuna kisiwa cha pwani hii kilicholipia somo la njia za soko ghali zaidi kuliko Unguja na Pemba.

Katika miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, mji mdogo wa Marekani, walikuwa wakija mjini Unguja kununua pembe, sandarusi na ngozi, na kuuza nguo za pamba ambazo bara yote walizijua kama merikani. Mkataba wa biashara ulitiwa saini mwaka 1833, na balozi wao mdogo akafika Unguja mwaka 1837. Wao ndio waliobeba, wao ndio walioijua bei ya Salem na Boston. Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliliona hilo. Mwaka 1840 akaipeleka meli yake, Sultana, mpaka New York, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ikiwa na karafuu, pembe, kahawa, tende na ngozi. Ilipokewa kwa heshima, ikatengenezwa, ikarudi salama mwaka ule ule.

Lilikuwa jambo la ushujaa, na naliheshimu. Lakini safari ile haikugeuka kuwa njia ya kudumu, na biashara ya Marekani ikabaki kwa watu wa Salem. Safari moja ilitosha kuuza shehena moja. Kuwa na mtu wako huko, anayejua msimu huu wanataka nini, nani halipi deni, na ghala lipi linavuja, kunataka kurudi tena na tena. Anayefikiria kuuza moja kwa moja leo ajiulize kama ana uwezo wa safari ya pili na ya tatu.

Karafuu ikaja na mafunzo makali zaidi. Mwaka 1937 serikali ya Kiingereza ya Zanzibar ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka makubwa juu ya ununuzi wa zao hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi, ambao kwa vizazi ndio waliokuwa wakiipeleka nje, walikataa, na India, mnunuzi mkubwa, ikasusia karafuu ya Zanzibar. Hadi mwaka 1938 serikali ilibidi ikae mezani na kupatana nao. Chama kilikuwa na sheria mkononi. Wafanyabiashara walikuwa na wanunuzi.

Kisha Indonesia. Wavutaji wake wa sigara za kretek, zinazotiwa karafuu, walitumia karafuu nyingi kuliko mtu yeyote duniani, na Zanzibar ikazoea kuwauzia wao. Indonesia ikapanda mikarafuu yake. Kufikia miaka ya 1980 ilikuwa karibu ijitosheleze, na bei ya dunia ikaporomoka. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968 na ambalo kisheria ndilo mnunuzi wa karafuu, lilibaki na zao lile lile na soko lililofinyaa. Wakulima wengi wakaiacha mikarafuu ijitunze yenyewe, na magendo ya kupeleka Kenya yakashamiri.

Mzalishaji mdogo aliyefurahi kumpata mnunuzi mmoja mkubwa, na akamwachia mavuno yote, yuko mahali pale pale. Ukiona zaidi ya nusu ya mali yako inakwenda kwa mtu mmoja, tafuta wa pili hata kama analipa pungufu kidogo.

## Fedha itakaa njiani muda gani?

Hili huamua zaidi ya yote, na huzungumzwa kidogo kuliko yote. Kila njia ina muda wake wa kungoja. Msafirishaji wa mjini hulipa leo au wiki hii. Mgeni hulipa papo hapo. Mnunuzi wa nje anaweza kutaka kulipa siku 60 baada ya kupokea mzigo, na mzigo wenyewe umekaa wiki kadhaa baharini. Kikundi kilichokopa saccos kununulia mafuta ya nazi hakiwezi kungoja hivyo, hata bei iwe mara mbili.

Mnunuzi mpya mwombe malipo ya nusu kabla, nusu mzigo ukiwa tayari kuondoka. Kwa mzigo mkubwa ipo barua ya dhamana ya benki: benki ya mnunuzi inaahidi kulipa mara hati za mzigo zikifika kamili. Ni kinga nzuri, ila gharama zake huimeza faida ya mzigo mdogo, na hati ikikosewa jina kwa herufi moja benki inaweza kuikataa.

Ujazo nao una kauli yake. Kontena la futi 20 lina nafasi ya takriban mita 33 za ujazo. Vikundi vyote vya sabuni vya Jambiani pamoja havilijazi kwa msimu mmoja. Hivyo mzigo wako utachanganywa na wa wengine, au utakwenda kwa ndege, na nauli ya ndege inafaa bidhaa nyepesi yenye thamani kubwa, kama sponji. Unga wa mwani kwa gunia haubebi nauli hiyo. Ndiyo sababu mwani mkavu haukuweza kuwa na njia nyingine isipokuwa ya kampuni: mwanamke mmoja hawezi kujaza kontena, na wanawake elfu wasio na ushirika hawawezi pia. Wakiwa na ushirika wenye ghala na mizani yake, mazungumzo ni mengine.

Ukiwa njia panda, jibu haya kwa maandishi:

- Naweza kungoja malipo kwa muda gani bila kukopa?
- Mzigo ukipotea wote, nitaweza kuendelea?
- Naweza kutengeneza bidhaa ile ile, kwa sifa ile ile, miezi kumi na miwili?
- Nani katika njia hii atakayezungumza na mtumiaji, na ataniletea habari?

## Jina liandikwe kwa nani

Limebaki moja ambalo lifanywe kabla hujatuma hata sampuli. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili "kikoy" kama alama yake ya biashara nchini humo. Nguo inayovaliwa pwani yote kutoka Lamu hadi Kilwa ingekuwa, kwa soko la Uingereza, jina la kampuni moja. Wafanyabiashara wa Kenya na watetezi wao walipinga, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Ethiopia, kwa upande wake, ilianza yenyewe kusajili majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, na mwaka 2007 ikafikia makubaliano na Starbucks juu ya matumizi yake.

Alama ya biashara ni jina au mchoro ambao sheria inakulinda wewe tu kuutumia kwa bidhaa fulani. Zanzibar ina sheria yake: unasajili kwa BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, haukulindi hapa, na wa hapa haukulindi Bara, wala wa popote kati ya hapo haukulindi Ujerumani. Kwa hiyo msambazaji wa nje akijitolea kwa ukarimu "kukusaidia" kusajili jina huko kwao, soma nani ameandikwa kuwa mwenye jina. Mara nyingi ni yeye. Siku mkigombana, hutaweza kuuza sabuni yako mwenyewe katika nchi hiyo kwa jina ulilolibuni.

Mkataba wa kwanza na msambazaji uwe wa mwaka mmoja, usizidi miwili. Utaje nchi anayoruhusiwa kuuza, siyo "Ulaya yote". Utaje kiasi cha chini atakachonunua kila robo mwaka, na kwamba asipokifikia unaweza kumchukua mwingine. Jina lisajiliwe kwako, kwa gharama mtakayoigawana. Na kiwemo kifungu kinachomtaka akupe kila miezi mitatu orodha ya maduka yanayouza bidhaa yako na malalamiko ya wateja, yaliyoandikwa kama walivyoyasema. Wasambazaji wengi watasita hapo kuliko kwenye bei. Kifungu hicho usikiachie.